Minara Inayoishi kwa Saa ya Kuazima

Tarehe 10 Mei 2011, mnara wa chuma wenye urefu wa mita 417 ulilipuliwa kwa baruti huko Paynesville, pembeni mwa Monrovia, Liberia. Afrika nzima haikuwa na kitu kirefu kuliko huo kilichojengwa kwa mikono ya binadamu. Ulikuwa kituo kimoja kati ya vinane vya Omega, mfumo wa kuongoza meli na ndege kwa mawimbi ya redio kutoka ardhini. Kituo kingine kilikuwa kisiwani Réunion, katika Bahari yetu ya Hindi. Omega ilizimwa Septemba 1997 kwa kuwa GPS ilifanya kazi ile ile kwa usahihi mkubwa zaidi. Hakuna aliyeililia.

Kwa mabaharia lilikuwa jambo la kawaida: chombo kipya kimeondoa cha zamani. Lakini wakati mifumo ya ardhini ikibomolewa, kampuni za simu nazo zilikuwa zinaanza kuegemea setilaiti hizo hizo za GPS, si kwa kutafuta njia bali kwa kujua saa.

Ukipita karibu na mnara wa simu, tazama juu ya kabati la mitambo au kwenye kinguzo pembeni yake. Mara nyingi utaona kikofia cheupe cha plastiki, hakizidi kikombe cha chai, kimeunganishwa kwa waya mmoja. Hakipokei simu ya mtu yeyote. Kinasikiliza saa za atomu zilizo ndani ya setilaiti za GPS, kilomita 20,200 hivi juu yetu. Mawimbi hayo hufika hapa chini yakiwa dhaifu kuliko kelele za kawaida za redio, na chombo kinachoyapokea hulazimika kuyachambua kutoka ndani ya kelele hizo.

Saa hiyo ni ya nini? Katika sehemu kubwa ya 5G, na katika aina moja ya 4G, mnara na simu hutumia masafa yale yale kwa zamu, kama watu wawili wenye radio call: mmoja akisema, mwenzake anasikiliza. Zamu hizo ni fupi mno, na minara jirani lazima izibadilishe kwa pamoja. Kiwango kinachotakiwa ni kutopishana na saa sahihi kwa zaidi ya mikrosekunde 1.5, yaani sehemu moja na nusu ya milioni ya sekunde. Mnara mmoja ukichelewa, unapaza sauti wakati jirani yake ametega sikio, na sauti hafifu za simu za wateja humezwa humo.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Minara ya GSM ilihitaji mapigo thabiti tu, na iliyapata kwenye waya wa simu ulioiunganisha na mitambo mikuu. Waya ulileta mazungumzo na mapigo kwa pamoja. Simu za CDMA, zile ambazo Watanzania wengi walizifahamu kupitia TTCL, ndizo zilizotaka kila mnara uwe na saa ya setilaiti. Kisha nyaya za zamani zikaondolewa, zikaja njia za data za bei nafuu ambazo zenyewe hazibebi mapigo. Kikofia cheupe kikaziba pengo. Kilikuwa rahisi, na huduma ya GPS ni bure, basi nani angelipia mbadala?

Gharama ilianza kuonekana polepole. Januari 2007, meli za jeshi la majini la Marekani zilivuruga GPS kwa bahati mbaya zikiwa mazoezini San Diego. Kwa saa mbili hivi simu za mkononi zilisumbua mjini. Mwaka 2013, dereva mmoja wa New Jersey alitozwa faini ya karibu dola 32,000 kwa kifaa kidogo cha kuvuruga GPS alichokiweka garini ili mwajiri asimfuatilie. Kilikuwa kikivuruga mitambo ya uwanja wa ndege wa Newark. Ila tukio la 26 Januari 2016 ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu halikuwa na adui wala mtundu. Setilaiti kongwe ilikuwa inaondolewa kazini, programu ikakosea, na setilaiti kadhaa nzima zikatangaza saa iliyopotoka kwa mikrosekunde 13. Madereva hawakuona tofauti yoyote, kwani ramani hazikuguswa. Mitambo ya simu ilipiga kengele za hitilafu kwa saa nyingi, na redio ya kidijitali ya BBC ikayumba.

Mnara ukipoteza setilaiti hauzimiki papo hapo. Saa yake ya ndani huendelea peke yake: ya kwatzi kwa saa chache, ya rubidiamu kwa muda mrefu zaidi, kisha inaanza kupotea. Huo muda wa kushikilia ndio akiba yote iliyopo, na ni kitu rahisi sana kukikata bajeti inapobana.

Akiba ya ardhini imezidi kupungua. Marekani ilizima LORAN-C, mfumo mwingine wa redio za ardhini, Februari 2010. Norwei na Ufaransa zikazima zao mwishoni mwa 2015, Ulaya Magharibi ikabaki Anthorn, Uingereza, kituo kimoja kilichoweza kutoa saa lakini si mahali. Sheria ya Marekani ya Desemba 2018 ilitaka mfumo mbadala wa saa wa ardhini ndani ya miaka miwili; miaka miwili ikapita bila mfumo. Korea Kusini, ambayo mwaka 2012 ilivurugiwa GPS na jirani yake wa kaskazini kwa siku 16, iliamua kujenga, si kubomoa. Aliyeumwa na nyoka, kwa kweli, hahitaji semina.

Vodacom Tanzania na Safaricom ya Kenya zilizindua 5G mwaka 2022, na minara inaongezeka. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na wenzao wa Nairobi hupima simu zinazokatika na kasi ya data. Waongeze swali moja kwa kila kampuni, na majibu yachapishwe: kikofia kile kikinyamaza, mnara wako utashika saa kwa muda gani?