Kanuni za Wachungaji: Walutheri wa Marekani Walikosania Nini?

Jambo hili mmelisikia juu juu. Hebu tulieleze polepole.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Marekani (ELCA) lilianza 1988. Mwaka 1990 likaandika kanuni: mchungaji shoga au msagaji aishi bila mahusiano ya kimapenzi. Baadhi ya waliokaidi waliondolewa katika orodha.

Agosti 2009 wajumbe walikutana Minneapolis. Kwa kura 559 dhidi ya 451 wakakubali walio na mwenzi mmoja wa kudumu wa jinsia yao wahudumu. Lakini hakuna usharika uliolazimishwa kuwapokea.

Je, ugomvi uliisha? Wapi! Sharika nyingi zilijitoa, na 2010 wengine wakaunda kanisa lao, NALC. Hata hapa kwa jirani, maaskofu wa KKKT Tanzania walipinga kwa Tamko la Dodoma la 2010. Kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia lilivunja uhusiano 2013.

Sisi Wakatoliki mafundisho yetu yanajulikana. Ila kikundi chochote kina la kujifunza hapa. Usharika wa ELCA ukitaka kutoka ulipiga kura mara mbili, siku 90 katikati, kila mara theluthi mbili. Hasira ilipewa muda ipoe.

Je, katiba ya kikundi chenu inasema kiongozi aishi vipi? Nani anaamua? Anayetoka anaondoka na nini? Andikeni sasa, mkiwa bado mnasalimiana.