Picha Nyeusi na Nyeupe: Hela Yako Iende Kwenye Karatasi

Arobaini ya bibi ni Jumamosi. Picha nzuri mliyonayo ni moja tu, ya simu: amevaa kanga nyekundu, nyuma yake mgomba. Mnataka iwe nyeusi na nyeupe, au ya kahawia kama picha za zamani, itundikwe sebuleni. Njia ziko nne.

Kitufe cha simu. Hakina gharama na kazi huisha papo hapo. Ila kinatumia hesabu ile ile kwa kila picha. Hesabu iliyozoeleka huupa mwanga wa kijani uzito wa asilimia 59, mwekundu 30 na wa bluu 11. Kwa hesabu hiyo, kanga nyekundu na jani la mgomba huweza kutoka kijivu kimoja, bibi akapotelea majanini. Ukijaribu na bibi akaonekana vizuri, usitafute kingine.

Programu ya bure yenye vidhibiti vya rangi. Hii ndiyo ninayokushauri. Zipo za simu na za kompyuta. Tafuta inayokuruhusu kupandisha au kushusha kila rangi wakati wa kugeuza. Pandisha nyekundu uone: kanga inang'aa, jani linaingia gizani, na ngozi nyeusi inapata nuru. Pandisha bluu, na ngozi inakuwa nzito, kila doa linajitokeza. Utatumia bando la kupakua na jioni moja ya kujifunza.

Programu ya kulipia kila mwezi. Bei ya mwezi izidishe kwa 12 kwanza. Shilingi 15,000 kwa mwezi ni 180,000 kwa mwaka. Anayepiga picha za harusi kila wiki atairudisha hela hiyo; wewe mwenye picha moja hutairudisha. "Majaribio ya bure" mengi huomba kadi, na usipositisha mapema unakatwa. Nyingine hukuacha uhariri bure, kisha zinadai malipo unapotaka kuhifadhi picha kwa ukubwa kamili au kuondoa nembo yao.

Studio ya mtaani. Hapa unalipia jicho la fundi. Inafaa kama picha ina kasoro za kurekebishwa au huna nafasi. Uliza kabla ya kutoa hela: bei ni ya kugeuza tu au na kusafisha? Faili nitapewa? Nakala ya pili ni kiasi gani? Usipopewa faili, utalipa upya kila shangazi atakapotaka picha yake.

Kuhusu kahawia, tahadhari. Katika chumba cha giza, fundi wa zamani aligeuza fedha iliyomo kwenye picha kuwa salfaidi ya fedha, na picha ikadumu zaidi. Kahawia ya kidijitali ni rangi tu, haiongezi hata siku moja. Ukiambiwa uongeze pesa kwa kuwa "inadumu", kataa. Faida yake ni nyingine: printa nyingi za wino wa rangi zikichapa kijivu huacha dalili ya kijani au zambarau, na kahawia kidogo huificha.

Ulichookoa kwenye kugeuza kiweke kwenye karatasi. Picha ya printa ya wino ya dukani ni rahisi, lakini tone la maji au unyevu wa pwani huweza kuichujisha. Iliyosafishwa studio kwa karatasi ya picha hustahimili zaidi. Itundike mbali na jua.

Kwa inchi 8 kwa 10, faili iwe na pikseli 2,400 kwa 3,000. Ukiituma studio kwa simu kama picha ya kawaida, hubanwa na kupungua. Itume kama dokumenti, au ipeleke kwa flashi.

Mwisho, fanya kazi kwenye nakala na uitunze picha ya awali, maana rangi ikishafutwa kwenye faili hairudi. Kisha safisha moja ndogo ya majaribio na uitazame juani. Ukiona uso wa bibi umetoka vizuri, agiza kubwa.