Kuanza Kutumia Mfumo Endeshi wa FreeDOS katika Kompyuta za Kisasa: Nyenzo ya Kuzifikia na Kuzithibitisha Data za Zama za MS-DOS

Ikisiri

Makala hii inafafanua hatua za mwanzo za kusakinisha na kutumia mfumo endeshi wa FreeDOS katika kompyuta za kisasa, kwa lengo la kuzisoma data za kitaaluma zilizohifadhiwa kwa programu za MS-DOS. Makala inaeleza usuli wa mfumo huo, sababu zinazoifanya kompyuta ya kisasa ishindwe kuupokea moja kwa moja, hatua za kuuandaa ndani ya mashine pepe, na namna ya kukabili tatizo la kasi. Aidha, kwa kutumia mfano wa matini ya Kiswahili iliyoandikwa kwa WordStar, makala inaonesha kuwa ugeuzaji wa faili usiolinganishwa na mazingira asilia unaweza kupoteza taarifa bila mtafiti kutambua. Hoja kuu ni kwamba mfumo endeshi wa zamani ni kipimo cha uthibitisho katika utafiti, na si kumbukumbu ya kihistoria tu.

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi nyingi za kitaaluma ziliandikwa na kuhifadhiwa katika kompyuta zilizoendeshwa kwa MS-DOS. Matini ziliandikwa kwa WordStar na WordPerfect, majedwali ya data yaliwekwa katika dBASE, na orodha za maktaba zikaingizwa katika CDS/ISIS, programu iliyosambazwa na UNESCO bila malipo. Data hizo mara nyingi ndizo ushahidi wa msingi wa tasnifu na ripoti zinazoendelea kunukuliwa hadi sasa. Mtahini au mtafiti anayetaka kuhakiki hitimisho la kazi ya aina hiyo hana budi kurejea kwenye faili zenyewe.

Ugumu unajitokeza pale faili inapopatikana ilhali programu iliyoiunda haifunguki tena. Suluhisho linalozoeleka ni kuigeuza faili kuwa ya muundo wa kisasa na kuendelea na kazi. Hata hivyo, ugeuzaji ni tafsiri, na tafsiri huhitaji matini chanzi ili ihakikiwe. Matini chanzi ya faili ya kidijitali haikamilishwi na baiti zake pekee; inahitaji pia kuonekana kama ilivyoonekana katika programu yake. Kwa sababu hiyo, kuna haja ya kufahamu namna ya kuyafufua mazingira asilia ya faili hizo.

2.0 Usuli wa FreeDOS

FreeDOS ni mfumo endeshi huria unaooana na MS-DOS. Mradi wake ulitangazwa tarehe 29 Juni 1994 na Jim Hall, aliyekuwa mwanafunzi wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–River Falls nchini Marekani. Wakati huo ilikuwa imebainika kuwa kampuni ya Microsoft inaelekeza nguvu zake kwenye Windows, na MS-DOS kama mfumo unaojitegemea ilikuwa inafikia mwisho wake. Kiini cha FreeDOS kilitokana na kazi ya Pasquale Villani. Toleo la 1.0 lilitolewa Septemba 2006, toleo la 1.2 Desemba 2016, na toleo la 1.3 Februari 2022.

Yapo mambo mawili yanayoufanya mfumo huu uwafae watafiti. Kwanza, leseni yake ya GPL inaruhusu kuupakua, kuunakili na kuusambaza pamoja na msimbo wake chanzo. Microsoft nayo imekwisha kuweka wazi msimbo chanzo wa baadhi ya matoleo ya awali ya MS-DOS, lakini toleo la 6.22 lililotumika sana halimo miongoni mwao. Pili, FreeDOS inaendelea kutunzwa, hivyo inafahamu mambo ambayo MS-DOS 6.22 haikuyafahamu, yakiwemo mafungu ya diski ya muundo wa FAT32. Ifahamike, hata hivyo, kwamba uhuria wa mfumo endeshi hauhamii kwenye programu zinazoendeshwa ndani yake. WordStar na dBASE zina wamiliki wake, na mtafiti anapaswa kuzitumia kwa nakala aliyo na haki nayo.

3.0 Kwa Nini Kompyuta ya Kisasa Haiupokei Mfumo wa Zamani

Vizuizi vinavyoukabili mfumo wa aina ya DOS katika kompyuta ya leo vinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kizuizi cha kwanza kinahusu programu inayoiamsha kompyuta. DOS hufanya kazi zake kwa kuiomba BIOS: kusoma diski hupitia ombi namba 13h, kuandika kwenye skrini hupitia 10h, na kusoma kibodi hupitia 16h. Kompyuta za kisasa huamshwa na UEFI, ambayo haiyajibu maombi hayo. Kwa miaka mingi watengenezaji waliweka ndani ya UEFI sehemu iitwayo CSM, iliyoiga tabia ya BIOS. Mwaka 2017 kampuni ya Intel ilitangaza nia ya kuiondoa sehemu hiyo kufikia 2020, na kompyuta nyingi mpya hazinayo.

Kizuizi cha pili kinahusu prosesa. Prosesa za jamii ya x86 bado huweza kuanza katika hali ya biti 16 ambayo DOS inaihitaji. Lakini mfumo endeshi wa biti 64 unapokwisha kushika usukani, prosesa haiwezi tena kutumia hali maalumu iliyoiwezesha Windows ya biti 32 kuendesha programu za DOS ndani yake. Ndiyo maana Windows 11, ambayo ni ya biti 64 pekee, huzikataa programu hizo. Kwa kompyuta zenye prosesa za ARM, hata lugha ya mashine ni nyingine kabisa.

Kizuizi cha tatu ni vifaa. Kadi za sauti, printa na mitandao ya leo haina viendeshi vya DOS, na nafasi ya kuchomeka flopi imetoweka.

Kutokana na vizuizi hivyo, njia inayopendekezwa kwa mtafiti ni mashine pepe, yaani kompyuta kamili inayoigizwa na programu. QEMU ni mfano mmojawapo; ina BIOS yake, hivyo haitegemei UEFI ya kompyuta mwenyeji, na inaweza kuigiza x86 hata juu ya ARM. DOSBox nayo ni rahisi kutumia, ila waundaji wake waliilenga zaidi michezo. Kusakinisha FreeDOS moja kwa moja kwenye diski ya kompyuta kunawezekana pale CSM ilipo, lakini usakinishaji huo unaweza kufuta kila kilichomo. Haufai kwa kompyuta yenye kazi nyingine.

4.0 Hatua za Kuanza

4.1 Kunakili Flopi Kabla ya Kuisoma

Hatua ya kwanza hutangulia usakinishaji wowote. Flopi izuiwe isiandikwe: ya inchi 3.5 kwa kusogeza kijipande chake hadi tundu libaki wazi, na ya inchi 5.25 kwa kuziba pengo la pembeni. Flopi ya inchi 3.5 husomwa kwa kisomaji cha kuchomeka USB. Katika Linux, nakala ya flopi nzima huchukuliwa kwa amri ifuatayo, ambapo jina la kifaa hutegemea kompyuta husika:

dd if=/dev/sdb of=flopi01.img

Faili inayopatikana kutokana na flopi ya MB 1.44 inapaswa kuwa na baiti 1,474,560 kamili. Pungufu ya hapo ni dalili kwamba usomaji ulikatika. Baada ya hapo, alama ya utambulisho ya nakala ichukuliwe kwa amri ya sha256sum na kuandikwa katika daftari la utafiti, ili yeyote atakayehakiki baadaye ajue kuwa anatumia nakala ileile.

Umuhimu wa hatua hii unaonekana katika faili za dBASE III. Baiti ya pili, ya tatu na ya nne za faili ya DBF hutunza mwaka, mwezi na siku ya badiliko la mwisho. Huo ni ushahidi wa lini data zilikamilishwa. Mtafiti anayeifungua faili asilia na kuhariri rekodi moja tu huufuta ushahidi huo bila kukusudia.

4.2 Kuandaa Mashine Pepe

Baada ya kupakua CD ya FreeDOS katika umbo la faili, hapa ikiitwa freedos.iso, diski pepe huundwa na mashine huwashwa kwa amri mbili:

qemu-img create -f raw dos.img 500M

qemu-system-i386 -m 32 -drive format=raw,file=dos.img -cdrom freedos.iso -boot d

Diski ya MB 500 na kumbukumbu ya MB 32 zinatosha kwa programu nyingi za zama hizo. Programu ya usakinishaji huuliza lugha, hugawa diski, huiwasha mashine upya, kisha hufomati na kunakili faili. Onyo la kufutwa kwa diski linalojitokeza hapa linahusu diski pepe pekee.

Usakinishaji ukikamilika, mashine huwashwa bila CD, na nakala ya flopi huingizwa ikiwa imefungwa isiandikwe:

qemu-system-i386 -m 32 -drive format=raw,file=dos.img -drive if=floppy,format=raw,readonly=on,file=flopi01.img -boot c

Kinachoonekana ni skrini nyeusi yenye alama C:\> pekee. Amri ya DIR A: huorodhesha yaliyomo katika flopi, COPY hunakili, CD huhamisha mtumiaji kutoka saraka moja hadi nyingine, na TYPE huonesha faili ya maandishi. Majina ya faili hayazidi herufi nane pamoja na tatu za kiambishi. Kwa hiyo majina kama SURA3B.WS ni ya kawaida, na maana yake hutafutwa katika maelezo ya mwandishi au katika lebo ya flopi.

4.3 Kurekebisha Kumbukumbu

Prosesa ya 8086 ilikuwa na nyaya 20 za anwani, hivyo ukomo wake ulikuwa baiti 1,048,576. Kati ya hizo, programu zilitengewa KB 640. Ukomo huo umebaki ndani ya DOS hata mashine ikiwa na kumbukumbu nyingi. Programu ikilalamika kuwa kumbukumbu haitoshi, amri ya MEM huonesha nafasi iliyobaki. Katika toleo la 1.3, mipangilio imo katika faili za FDCONFIG.SYS na FDAUTO.BAT. Hifadhidata zinazofungua faili nyingi kwa pamoja huhitaji mstari kama FILES=40 katika faili ya kwanza.

5.0 Tatizo la Kasi

Baadhi ya programu hushindwa kwa sababu kompyuta ina kasi kupita matarajio ya waundaji wake. Mfano unaofahamika ni wa programu zilizoandikwa kwa Turbo Pascal na kutumia moduli yake ya CRT. Programu inapoanza, moduli hiyo huhesabu ni mizunguko mingapi inafanyika katika pigo moja la saa la takribani milisekunde 55, kisha hugawa hesabu hiyo kwa 55. Jibu huwekwa katika nafasi ya biti 16 isiyoweza kubeba zaidi ya 65,535. Mizunguko ikizidi takribani milioni 3.6, jibu halienei, na programu huzimika kwa kutoa kosa namba 200, ambalo ndilo kosa la kugawa kwa sifuri.

Mtumiaji anayekutana na ujumbe huo anaweza kudhani kuwa data zake zimeharibika. La hasha, faili iko salama, na dawa ni kupunguza kasi. DOSBox inaruhusu kuweka kiwango cha mizunguko moja kwa moja, na hapo ndipo inapoishinda QEMU kwa manufaa.

6.0 Mfano: Matini ya Kiswahili katika WordStar

Matoleo ya awali ya WordStar, likiwemo la 3.3, yalitumia biti ya nane ya kila baiti kwa mambo ya mpangilio. Herufi ya mwisho ya neno iliongezewa thamani 128 wakati wa kupanga mistari. Kwa kuwa maneno mengi ya Kiswahili huishia na irabu, athari yake huangukia irabu za mwisho kwa utaratibu ulio wazi. Faili ikifunguliwa katika Windows, a huwa á, e huwa å, i huwa é, o huwa ï na u huwa õ. Neno kitabu huonekana kitabõ, na habari huonekana habaré.

Kwa kuwa maandishi ya kawaida ya Kiswahili hayahitaji herufi nje ya zile za msingi, hata ng' ikiandikwa kwa ritifaa ya kawaida, yaelekea kuwa kuiondoa biti ya nane katika faili nzima kunatosha. Maneno hurejea kweli. Lakini WordStar ilitofautisha pia mwisho wa mstari na mwisho wa aya kwa biti hiyohiyo: mstari uliokatwa na programu huishia na baiti 8D na 0A, ilhali aya iliyokatwa na mwandishi huishia na 0D na 0A. Biti ikiondolewa, tofauti hiyo hufutika, na kila mstari huwa aya. Katika utafiti wa ushairi au wa masimulizi yaliyonukuliwa, ambako mahali pa kukata mstari ni sehemu ya data, hasara hiyo ni kubwa. Utaratibu sahihi ni kuzigeuza kwanza jozi za 8D na 0A kuwa nafasi, ndipo biti iondolewe.

Kosa hilo halionekani kwa kuisoma faili iliyogeuzwa pekee, kwa kuwa maneno yote yamo na yanasomeka. Huonekana pale matini iliyogeuzwa inapowekwa kando ya ileile iliyofunguliwa katika WordStar ndani ya FreeDOS.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa FreeDOS inaweza kuandaliwa katika kompyuta ya kisasa kwa gharama ndogo, mradi utaratibu uzingatiwe: flopi inakiliwe kwanza, mashine pepe iundwe, nakala ifungwe isiandikwe, kisha kasi na kumbukumbu virekebishwe kulingana na programu. Ipo hoja kwamba faili zikishageuzwa mara moja, mazingira ya zamani hayahitajiki tena. Mfano wa WordStar unaidhoofisha hoja hiyo, kwa kuwa ubora wa ugeuzaji hupimwa kwa kurejea kwenye asili. Hivyo basi, tasnifu inayotegemea data za zama za MS-DOS inapaswa kuwasilishwa ikiwa na vitu vitatu: nakala kamili ya diski pamoja na alama yake ya utambulisho, maelezo ya mazingira yaliyotumika kuisoma, na faili iliyogeuzwa ikiambatana na hatua za ugeuzaji wake. Mtahini akiwa navyo vyote vitatu, ataweza kuirudia njia ya mtafiti kuanzia kwenye baiti hadi kwenye hitimisho.