Je, Wajua? Sifuri si Pengo

Je, wajua kwamba ndani ya seva kuna mchambuaji wa maharage? Jina lake ni array_filter, na makazi yake ni PHP, lugha ya programu iliyoanzishwa mwaka 1994 na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland. Tovuti zote za WordPress zinaendeshwa kwa lugha hiyo.

Kazi yake ni ile ile ya mama aliyekaa uani, ungo wa maharage mapajani. Hachekechi, maana chekeche hupima ukubwa tu. Yeye hutazama punje moja moja: hii ya chungu, hii imetobolewa na wadudu, tupa. array_filter hupewa orodha pamoja na funksheni ndogo yenye sharti. Funksheni hiyo huiiti wewe. Array_filter ndiyo inayoiita, mara moja kwa kila kilichomo. Jibu likiwa kweli, kitu kinabaki. Likiwa si kweli, kinaachwa. Orodha ya mwanzo haiguswi, unapewa mpya.

Tuseme umeweka kipimamvua hapo hapo uani, ukaandika milimita za siku sita katika orodha $mvua: 12, 0, null, 5, 0, 7. Hiyo null ni siku uliyosahau kupima. Unataka wastani, hivyo unaondoa pengo:

array_filter($mvua)

Hukutoa sharti, basi PHP inatumia la kwake: chochote inachokihesabu kuwa kitupu kinatoka, na sifuri imo. Zinabaki 12, 5 na 7. Wastani: milimita 8. Sasa toa sharti lako, kwamba kipimo kisiwe null, kwa mwandiko mfupi ulioingia katika PHP 7.4 mwaka 2019:

array_filter($mvua, fn($m) => $m !== null)

Zinabaki siku tano, na wastani unashuka hadi 4.8. Mvua ni ile ile, lakini hesabu ya kwanza ilizifuta siku mbili za jua, na mkulima akiiamini atapanda kwenye udongo mkavu.

Tena, array_filter haisogezi namba za nafasi. PHP huanza kuhesabu na 0, kwa hiyo siku ya tatu ni nafasi ya 2, nayo inabaki wazi. Ukitaka namba zifuatane, tumia array_values. Kwa daftari la mvua, mimi ningeliacha pengo hilo lilivyo: linaonyesha siku ambayo hakuna aliyekwenda kutazama kipimo.