Vibonzo Si vya Watoto Pekee

Wengi wetu walimu huamini kwamba filamu ya vibonzo ni mchezo wa watoto. Nami niliamini hivyo hadi nilipotazama "Hotaru no Haka", yaani Kaburi la Vimulimuli, filamu ya Mjapani Isao Takahata iliyotolewa mwaka 1988. Seita na dadake Setsuko wanakufa njaa baada ya Kobe kuteketezwa kwa mabomu mwaka 1945.

Niliifurahia huku nikilia, maana ilinikumbusha vijiji vya Hali ya Hatari ambamo wazee wetu wa Embu na Meru walikusanywa kwa nguvu miaka ya 1950, njaa ikiwaandama watoto. Masaibu hayo nani atayachora? Walimu, waonyesheni wanafunzi wakubwa filamu hii, kisha watumeni kwa wazee wakiwa na daftari. Mashahidi waliobaki ni wachache.