Pai ya Maembe kwa Jiko la Mkaa

Maembe yakianza kuoza chini ya miti hapa Shinyanga mwezi Desemba, oka pai. Changanya unga wa ngano vikombe 2, siagi robo tatu ya kikombe, chumvi kidogo na maji baridi. Usikande sana kama chapati. Tandaza katika sufuria iliyopakwa mafuta, panga vipande vya maembe, nyunyiza sukari. Funika: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko.

Lakini sufuria ipi? Kwa wenzetu wa Geita, wachimbaji wadogo huchoma dhahabu iliyoshikana na zebaki, wengine kwa vyombo vya nyumbani. Chombo hicho kisirudi jikoni kamwe, hata ukikisugua kwa majivu. Mvuke wake hauonekani, nao hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Baba akinung'unika, mwachie hiyo, nunua nyingine.

Pai ikiwa ya kahawia, epua, ipoe kabla ya kukata.