Kiswahili kilifika angani zamani

Hapa Mahoo wanafunzi huniuliza: ati Kiswahili kitasimulia vipi chanzo cha ulimwengu? Mbona kilishafika angani! Desemba 12, 1970, Siku ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ilichunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, ambazo hewa yetu huzizuia zisifike ardhini.

Hata “darubini” ina asili ya Kiajemi: “dur” ni mbali, “bin” ni kuona. Na kwa kuwa nuru huchukua muda kusafiri, kuona mbali ni kuona zamani. Darubini ya James Webb, iliyorushwa 2021, huona galaksi zilivyokuwa zaidi ya miaka bilioni 13 iliyopita. Walimu wenzangu, msamiati tunao. Tuutumie darasani.